Kihisi Mwanga Katika Shamba la Kahawa: Jani Linavyoweza Kumwambia Mkulima Kiasi cha Mbolea

Mvua inapoanza kunyesha katika maeneo ya kahawa ya Kaunti ya Nyeri, kuanzia Mukurweini na Othaya hadi Tetu na Mathira, mkulima hukabiliwa na uamuzi unaomgharimu pesa kabla hajachuma tunda hata moja: aweke mbolea kiasi gani kwa kila shina? Wengi hutumia kipimo walichokizoea, kifuniko cha chupa au konzi ya mkono, na hukirudia kila mwaka kwa kila shina, liwe limebeba matunda tele au limebeba machache. Aghalabu mbolea hiyo huchukuliwa kwa mkopo kupitia chama cha ushirika, kisha hukatwa kwenye malipo ya kahawa. Ikizidi, pesa za mkulima zinazama ardhini. Ikipungua, mavuno ndiyo yanayopotea.

Kuna vifaa vinavyoweza kusaidia katika uamuzi huo. Vinaitwa vihisi mwanga, na kazi yake ni kupima jinsi jani linavyopokea na kurudisha mwanga, ili kukadiria kama mmea umeshiba naitrojeni au una njaa. Watafiti wa Brazil, nchi inayoongoza duniani kwa uzalishaji wa kahawa, wamevijaribu kwenye mibuni kwa miaka mingi. Makala haya yanaeleza jinsi vifaa hivyo vinavyofanya kazi, mahali vinapofaa, mahali visipofaa, na mambo ambayo mkulima au chama cha ushirika kinapaswa kuyajua kabla ya kutoa pesa zake.

Kwa nini naitrojeni?

Naitrojeni ni kirutubisho ambacho mbuni hukihitaji kwa wingi ili kutoa majani, kurefusha matawi na kujaza punje. Ndicho pia kinachounda klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua na kuliwezesha jani kutengeneza chakula. Jani la kahawa lenye afya huwa na naitrojeni ya takriban asilimia 2.5 hadi 3 ya uzito wake likishakaushwa.

Mmea unapokosa naitrojeni ya kutosha, huiondoa kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwenye majani machanga na matunda. Ndiyo maana majani ya ndani na ya chini hutangulia kuwa ya njano. Mbuni uliobeba matunda mengi bila kulishwa vya kutosha hupukutisha majani, na ncha za matawi yake hukauka. Msimu unaofuata huwa wa mavuno haba, kwa sababu matawi yaliyopaswa kuzaa hayapo tena.

Kuzidisha nako kuna hasara. Mvua kubwa huichukua naitrojeni iliyo katika hali ya naitreti na kuizamisha chini ya mizizi au kuipeleka mitoni. Yurea iliyotupwa juu ya udongo mkavu na kuachwa bila kufukiwa hugeuka kuwa hewa ya amonia na kupotea. Sehemu nyingine hugeuka kuwa gesi ya naitrasi oksaidi, ambayo huongeza joto duniani zaidi ya mara 200 ikilinganishwa na uzito uleule wa kaboni dioksaidi. Jambo linalomgusa mkulima moja kwa moja ni kwamba mbolea za naitrojeni zenye amonia, zikitumiwa mwaka baada ya mwaka bila chokaa, huongeza asidi kwenye udongo. Udongo ukiwa na asidi nyingi, mizizi hushindwa kufyonza virutubisho hata kama vimo.

Kifaa kinasoma nini?

Jani la kijani hufyonza sehemu kubwa ya mwanga mwekundu, kwa kuwa klorofili huutumia kutengeneza chakula. Kuna pia miali iliyo ng'ambo ya nyekundu, inayoitwa infraredi ya karibu, ambayo jicho la binadamu haliioni. Miali hiyo haina kazi kwa klorofili, kwa hiyo jani huirudisha au huiacha ipite. Jani lenye klorofili nyingi hunyonya mwanga mwekundu kwa wingi, na lenye klorofili kidogo huuachilia. Kifaa hulinganisha aina hizo mbili za mwanga na kutoa nambari moja. Kuna aina tatu za vifaa ambazo mkulima anaweza kukutana nazo.

Aina ya kwanza ni kipimajani cha kubana. Kinachojulikana zaidi ni SPAD, kilichotengenezwa Japani. Kinatoshea mkononi na hufunga jani kama kibanio cha nguo. Hupitisha mwanga mwekundu na infraredi katika sehemu ndogo ya jani, milimita 2 kwa 3 tu, kisha huonyesha nambari papo hapo. Jani halichumwi wala haliharibiki. Kifaa kina taa yake chenyewe, kwa hivyo mawingu hayakizuii.

Aina ya pili ni kihisi cha kushikwa juu ya mmea. GreenSeeker, kilichotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Oklahoma State nchini Marekani, ni mfano wake. Hiki hakibani jani. Humulika mmea mzima kutoka juu, kupokea mwanga unaorudi na kutoa kielezo kiitwacho NDVI. Udongo mtupu hutoa nambari ndogo, na mimea minene ya kijani hutoa nambari inayokaribia 0.9.

Aina ya tatu ni kamera zinazobebwa na droni au setilaiti. Setilaiti za Sentinel-2 za Shirika la Anga la Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, hupiga picha za dunia nzima kwa rangi zinazohitajika katika hesabu hii, na picha hizo hupatikana bila malipo. Droni huona kwa undani zaidi, ila kuirusha nchini Kenya kunahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA.

Kwenye mashamba yetu, kipi kinafaa?

Mahindi na ngano hupandwa kwa mistari, huwa na kimo kimoja na huvunwa baada ya miezi michache. Vihisi vingi vya kushikwa juu ya mmea vilibuniwa kwa mazao kama hayo. Mbuni una tabia tofauti.

Kwanza, ni mti mfupi wenye matawi ya pembeni, na mara nyingi una urefu unaokaribia au kumpita mtu. Kihisi kinachohitaji kushikwa sentimita 60 hadi 120 juu ya majani si rahisi kukitumia hapo. Kikielekezwa kutoka ubavuni, nambari hubadilika kulingana na umbali na upande. Pili, katikati ya mistari kuna udongo, matandazo na magugu, na kifaa hakiwezi kutofautisha kijani cha kahawa na kijani cha magugu. Tatu, mashamba mengi yana mikima, makadamia au migomba ndani yake. Kutoka angani, majani ya miti hiyo huchanganyika na ya kahawa.

Kwa setilaiti, tatizo la ukubwa huongezeka. Nukta moja ya picha ya Sentinel-2 hufunika ardhi ya mita 10 kwa 10. Katika shamba la SL28 lililopandwa kwa nafasi ya mita 2.74 kwa 2.74, nukta hiyo hubeba mashina 13 hivi. Katika shamba la Ruiru 11 lenye nafasi ya mita 2 kwa 2, hubeba mashina 25. Kwa mkulima wa robo ekari, picha hiyo humpa nukta kumi tu, na baadhi yake zimechanganya shamba lake na la jirani. Aidha, wakati mbolea inapohitajika ndio wakati wa mvua, na huo ndio msimu ambao mawingu hufunika miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare. Setilaiti inaweza kusaidia mashamba makubwa, au kuonyesha eneo zima la chama mahali palipodhoofika. Haiwezi kumwambia mkulima mdogo aongeze mbolea kwenye shina gani.

Kwa hiyo, katika mashamba madogo ya kahawa, kifaa kinachokaribia kufaa ni kile cha kubana jani. Hupima jani la kahawa lenyewe, bila kusumbuliwa na magugu, kivuli wala mawingu.

Nambari ya kifaa si kilo za mbolea

Hapa ndipo wakulima wengi wanaweza kupotoshwa. Kifaa hakipimi naitrojeni. Kinapima kijani, kisha mtu hukisia naitrojeni kutokana na kijani hicho. Nambari 50 au 60 kwenye kioo haina maana yoyote hadi ilinganishwe na kitu kingine.

Aina ya kahawa hubadilisha nambari. SL28, Ruiru 11 na Batian zinaweza kutoa nambari tofauti hata zikiwa zimeshiba sawasawa. Umri wa jani, unene wake, kivuli, ukame na mwezi wa mwaka pia huathiri kipimo. Kwa sababu hiyo, kiwango kilichopatikana Brazil hakiwezi kuhamishiwa shambani Gichichi na kutumiwa kama sheria.

Njia inayopunguza tatizo hilo ni kuwa na mstari wa kulinganisha. Mkulima au chama hutenga mashina 10 hadi 20 ndani ya shamba lilelile, ya aina na umri uleule, na kuyalisha naitrojeni kikamilifu kwa ushauri wa afisa wa kilimo. Baadaye, mashina hayo na mashina ya kawaida hupimwa siku moja. Wastani wa shamba hugawanywa kwa wastani wa mstari huo. Kwa mfano, shamba likitoa 54 na mstari wa kulinganisha ukatoa 60, shamba liko katika asilimia 90 ya kijani kinachowezekana. Katika mahindi, watafiti wa Nebraska nchini Marekani walizoea kuongeza naitrojeni pale uwiano huo unaposhuka chini ya asilimia 95. Kwa kahawa, kiwango cha kuchukua hatua kinafaa kuthibitishwa kwa majaribio ya hapa nyumbani, lakini mantiki ni ileile: pengo likiwa kubwa, kuna njaa, na pengo likikosekana, mbolea ya ziada haitaongeza kijani.

Kuna mpaka mwingine wa kuuzingatia. Mmea ukishashiba, klorofili haiongezeki tena hata ukimwagiwa mbolea zaidi. Kifaa kinaweza kusema "imetosha", lakini hakiwezi kusema "imezidi mara mbili". Mkulima aliyekwisha kuzidisha hataonywa na kifaa hiki.

Si kila jani la njano lina njaa ya naitrojeni

Kihisi hakijui ni kwa nini kijani kimepungua. Kazi hiyo hubaki kwa jicho la mkulima na la afisa wa ugani. Kabla ya kukimbilia mfuko wa CAN, mambo haya yachunguzwe:

Umanjano ulioanzia majani ya zamani, jani zima likififia kwa usawa, huelekeza kwenye naitrojeni.

Umanjano kati ya mishipa ya majani ya zamani, huku mishipa ikibaki kijani, huelekeza kwenye upungufu wa magnesiamu.

Umanjano kwenye majani machanga kabisa, mishipa ikionekana kama wavu wa kijani, huelekeza kwenye upungufu wa madini ya chuma, ambao mara nyingine hutokana na hali ya udongo na si ukosefu wa madini yenyewe.

Madoa ya njano yenye unga wa rangi ya machungwa chini ya jani ni ugonjwa wa kutu ya majani. Huu hutibiwa kwa dawa ya ukungu na kwa kupogoa, wala hautibiwi kwa mbolea.

Mizizi iliyosimama kwenye maji, ukame wa muda mrefu na baridi kali pia hufifisha majani. Katika hali hizo, kuongeza naitrojeni ni kutibu ugonjwa usiokuwapo.

Hesabu ya shamba moja

Ili kuona umuhimu wa kupima, tuchukue mfano wa ekari moja ya SL28 yenye mashina 540. Mkulima anaweka gramu 250 za CAN kwa kila shina kwa mwaka. Jumla ni kilo 135, sawa na mifuko 2.7 ya kilo 50. CAN ina naitrojeni asilimia 26, kwa hiyo kila shina limepata gramu 65 za naitrojeni.

Tani moja ya kahawa safi huondoka shambani na naitrojeni ya kilo 30 hadi 40 hivi, ukihesabu punje pamoja na maganda yake. Kwa kuwa huhitajika kilo sita hadi saba za matunda mabivu kupata kilo moja ya kahawa safi, kila kilo ya matunda huchukua takriban gramu 5 za naitrojeni.

Sasa, nusu ya mashina yakizaa kilo 10 kila moja, matunda yatachukua gramu 50 na kuacha 15 tu kwa ajili ya majani, matawi na mizizi, hata kabla ya kuhesabu kinachooshwa na mvua. Nusu nyingine ikizaa kilo 3 kwa shina, matunda yatachukua gramu 15 na kubakiza 50. Kipimo kimoja cha kifuniko cha chupa kimewanyima wenye kazi nyingi na kuwazidishia wenye kazi kidogo. Idadi ya mifuko ingeweza kubaki ileile, ila igawanywe vingine.

Hesabu hii pia inaonyesha thamani ya maganda yanayorundikana kwenye viwanda vya kahawa. Maganda hayo yakiozeshwa vizuri na kurudishwa shambani, sehemu ya naitrojeni na potasiamu iliyoondoka na matunda hurudi nyumbani bila kununuliwa.

Namna ya kupima kwa usahihi

Chama au kikundi kinachopata kifaa cha kubana jani kinashauriwa kufuata utaratibu mmoja kila mara:

1. Gawanya shamba kulingana na aina ya kahawa, umri na mteremko. Usichanganye Batian na SL28 katika wastani mmoja.

2. Tembea kwa mtindo wa kona-kona na uchague mashina 20 hadi 30. Epuka mashina ya pembezoni mwa barabara, chini ya miti mikubwa na karibu na zizi.

3. Katika kila shina, chagua tawi la katikati ya kimo cha mti. Hesabu jozi za majani kutoka nchani na upime jozi ya tatu au ya nne. Haya ndiyo majani ambayo huchukuliwa pia kwa uchunguzi wa maabara.

4. Bana sehemu ya katikati ya jani, kando ya mshipa mkuu. Jani liwe kavu, lisiwe na madoa ya dawa, vumbi wala ugonjwa.

5. Pima saa zilezile za siku kila unaporudi, na uandike tarehe, sehemu ya shamba na wastani kwenye daftari.

6. Pima mapema, udongo ukiwa na unyevu na kabla ya awamu inayofuata ya mbolea. Naitrojeni hufaa kugawanywa mara mbili au tatu wakati wa mvua kuliko kuwekwa yote kwa mara moja, na kipimo hufaa zaidi kikiamua ukubwa wa awamu inayofuata.

Mkulima pia asitarajie mabadiliko kwa siku chache. Mbuni huhifadhi chakula kwenye shina na mizizi, na huitikia mbolea polepole kuliko mahindi.

Udongo kwanza

Kihisi hakiwezi kuchukua nafasi ya kupima udongo. Hakioni asidi, fosforasi wala potasiamu. Shamba lenye asidi kali linaweza kuonyesha majani yaliyofifia, kifaa kikapendekeza naitrojeni, na mbolea iliyoongezwa ikazidisha asidi ileile iliyosababisha tatizo. Katika shamba kama hilo, pesa ya kwanza inafaa kwenda kwenye chokaa kwa kiasi kitakachotajwa na maabara.

Sampuli za udongo na majani hupimwa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa iliyo chini ya KALRO mjini Ruiru, na udongo hupimwa pia katika maabara ya KALRO ya Kabete. Kwa mkulima wa nusu ekari ambaye hajawahi kupima udongo wake, hiyo ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko kununua kifaa chochote cha mwanga.

Kabla chama hakijanunua

Kipimajani ni ghali kwa mkulima mmoja mdogo, lakini kifaa kimoja kinaweza kuzungushwa kwa wanachama wengi. Kamati ya chama inayofikiria kukinunua, au kulipia huduma ya droni, inafaa kumuuliza muuzaji maswali manne. Je, nambari za kifaa zimelinganishwa na uchunguzi wa majani wa maabara kwa aina za kahawa zinazolimwa hapa? Nani atawafundisha watakaopima, na kifaa kikiharibika kitatengenezwa wapi? Ushauri wa mbolea unaotolewa pamoja na kifaa unatoka kwa nani, na je, mtu huyo anauza mbolea pia? Picha na takwimu za mashamba ya wanachama zitabaki mikononi mwa nani?

Muuzaji asiyeweza kujibu swali la kwanza anauza nambari tu, na wanachama ndio watakaolipa.

Mkulima anayetaka kujua hali ya shamba lake aanze katika ofisi ya kilimo ya wadi yake. Afisa wa ugani ataonyesha jinsi ya kuchukua sampuli ya udongo, kutenga mstari wa kulinganisha na kugawanya mbolea kulingana na mzigo wa matunda. Hatua hizo tatu hazihitaji kifaa cha umeme, na shamba lililozitekeleza ndilo litakalonufaika pindi chama kitakapoleta kihisi mwanga.